Mstari wa Kumi na Saba

Siku ya tatu tangu afike Kyela, Inspekta Kheri Mbwana alikuwa bado hajapata mtu wa kunywa naye chai. Watu wa mji mdogo wakishajua kwamba mgeni ametumwa kutoka Dar es Salaam kuja kuchunguza, humsalimia vizuri sana, kisha humwachia benchi zima akae peke yake. Hata mbwa wa ile nyumba ya wageni alikuwa ameanza kumkwepa, ingawa huyo labda alikuwa anaikimbia mvua tu. Ilikuwa mvua ya Aprili, ya kule Kyela, isiyojua kupumzika.

Mezani alikuwa ametandaza karatasi moja nyembamba, nakala ya kaboni, maandishi yake ya bluu yameanza kufifia. Ilikuwa orodha ya Baraza la Mawaziri. Wizara ishirini na mbili zilikuwa zimepangwa kwa namba, na mbele ya kila wizara jina la waziri wake, isipokuwa moja. Mstari wa kumi na saba ulisomeka "Uvuvi na Usafiri wa Maziwa", zikafuata nukta, na baada ya nukta hapakuwa na kitu.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomleta. Ilipigwa chapa katika chumba cha siri wiki tano zilizopita, na kabla Baraza halijatangazwa ikatua mezani kwa mhariri wa gazeti moja la wiki, katika yale magazeti mapya yaliyochipuka tangu serikali ilegeze mkono. Mhariri hakujiuliza mara mbili. Aliichapa yote ukurasa wa mbele, pamoja na pengo lake. Wakubwa walipoyakuta majina yao yanauzwa barabarani kabla hawajaapishwa, walikasirika kweli kweli. Orodha ikavunjwa, ikasukwa upya. Redio ilipokuja kutangaza, wizara zilikuwa ishirini na moja. Ile ya kumi na saba haikuwemo kabisa, ilikuwa imerudishwa ndani ya Maliasili ilikotolewa.

Na huko Dar es Salaam kulikuwa na karani aitwaye Ambrose, baba wa watoto wanne, aliyekuwa akimaliza siku yake ya kumi na tisa rumande. Mkubwa wa Kheri alikuwa na hoja fupi. Pengo maana yake waziri alikuwa hajapatikana. Waziri hajapatikana maana yake hii ni rasimu ya Alhamisi, siku ambayo mambo yalikuwa bado hayajaiva. Na rasimu ya Alhamisi ilipitia mikononi mwa Ambrose. Bahasha iliyomfikia mhariri ilikuwa na muhuri wa Kyela, kwa hiyo kilichobaki ni kumpata mshirika wa Ambrose huko, na kazi imekwisha.

Siku mbili Kheri alizipoteza kwa Athuman, mfanyabiashara wa mchele, ambaye wiki ile ya kuvuja alikuwa ametoka Dar es Salaam. Babu yake Athuman alitoka Bagamoyo, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno.

"Sheikh, mimi nabeba mchele," alisema Athuman jana yake, akiwa ameketi juu ya magunia dukani kwake. "Sibebi mawaziri."

"Ulitoka Dar Jumamosi."

"Kila Jumamosi natoka Dar."

"Ulibeba bahasha?"

"Bahasha, viatu, dawa ya kikohozi, sufuria za harusi. Kyela nzima inanituma, na Wakyela waliohamia Dar wananituma kurudi. Nikutajie zote, tutakaa hapa mpaka mpunga uvunwe."

"Kulikuwa na ya Ambrose?"

"Ambrose ndiye nani?" Athuman aliuliza, na uso wake ulikuwa mtupu, wa mtu ambaye kweli hajui. Kheri alikuwa amehoji watu kwa miaka kumi na minne. Aliujua uso huo, akafunga daftari lake.

Asubuhi hii alikuwa ameigeukia bahasha yenyewe. Anwani ya gazeti ilikuwa imeandikwa kamili, mpaka namba ya sanduku la posta, ile inayochapwa kwa herufi ndogo sana chini ya ukurasa wa mwisho. Mtu wa kupita njia haioni namba hiyo. Aliyeiandika alikuwa msomaji, tena wa kila wiki. Na gazeti lile Kyela lilikuja kwa basi, likashushwa hapa hapa kwenye nyumba ya wageni, na Neema, mhudumu, ndiye aliyeligawa kwa walioliagiza.

"Dada Neema," Kheri alimwita. "Niandikie watu wote wanaochukua lile gazeti."

Neema alifuta mikono, akakaa, akaandika kwenye ukurasa wa daftari kwa mwandiko wa mtoto wa shule mwenye bidii. Watu saba. Koplo Angetile, askari wa Kyela aliyepewa kazi ya kumsaidia mgeni, alikuwa amesimama mlangoni akikamua maji kwenye kofia yake. Kheri aliupokea ukurasa, akasoma, akarudi juu.

"Huyu wa tano hana jina. Umeandika tu 'chumba cha mbele'."

Neema alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. "Huyo ni wa hapa hapa, kaka."

"Ni nani?"

"Si ndiye mwenye nyumba hii."

"Mwenye nyumba anaitwa nani?"

"Ana jina lake."

"Najua analo. Ndilo ninalolitaka."

Neema aliinamisha macho. Kisha akaisukuma kalamu upande wa mlangoni. "Koplo, niandikie basi."

Angetile alikuja, akainama, akaandika Hezroni, jina na ukoo wake, bila kuuliza chochote, akarudi kwenye kofia yake. Neema akaondoka kwenda kutazama maharage.

Kheri alisubiri mpaka mlango wa jikoni umefungwa. "Koplo, huyu dada anakaa kwenye nyumba ya mtu asiyemjua jina?"

"Analijua kuliko mimi, afande. Mwenye nyumba ni baba mkwe wake. Hamtaji."

"Hamtaji kwa nini? Wamegombana?"

"Aa, hapana. Ni heshima. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtaji baba wa mumewe, wala hamtazami usoni. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Mama yangu aliishi hivyo mpaka babu alipofariki. Wengine siku hizi wameacha, wa makanisani na wa mjini. Nyumba nyingine hazijaacha."

"Na kuandika?"

"Kuandika si ndiko kutaja kwa mkono, afande?"

Chai ya Kheri ilikuwa imepoa na hakuigusa tena. Aliziweka karatasi mbili sambamba, ukurasa wa Neema na ile nakala ya kaboni, akazitazama kwa muda mrefu hata Angetile akaona aibu ya kukohoa. Halafu akatoa kwenye jalada karatasi ya tatu.

"Keti, Koplo. Hii ndiyo rasimu ya Alhamisi. Nihesabie wizara."

Angetile alihesabu kwa kidole. "Ishirini na moja."

"Uvuvi uko wapi?"

"Namba kumi na mbili. 'Maliasili, Utalii na Uvuvi.'"

"Na kwenye hii ya kaboni?"

"Maliasili iko peke yake na Utalii. Uvuvi umepewa namba yake. Umeongezewa na usafiri wa maziwa."

"Basi hii si rasimu ya Alhamisi, hata ukiisoma umefumba macho. Wizara hiyo ilimegwa kutoka Maliasili Ijumaa mchana. Na unajua kwa nini wanakata wizara? Kanda fulani imenung'unika kwamba haina mtu Barazani. Wanamtafuta mtu. Wakishampata ndipo wanatazama wizara ipi ni nene, wanaikata kipande kinachomtosha. Mtu anaanza, kiti kinafuata. Nimelinda milango ya vikao hivyo miaka mitatu, sijaona kiti kikitangulia."

"Kwa hiyo Ijumaa jina lilikuwepo."

"Jina ndilo lililoizaa wizara. Mpiga chapa alikuwa nalo mbele ya macho, akaliruka." Kheri alifungua jalada mahali pengine. "Sasa sikiliza maelezo ya Ambrose. 'Sikuishika orodha ile, ila Ijumaa jioni niliombwa nijaze neno moja.' Walicheka, wakasema amekiri, wakamfungia. Hakuna aliyemuuliza ni neno gani, wala aliombwa na nani. Lilikuwa jina, Koplo. Mpiga chapa aliandika orodha yote, akachomoa nakala za kaboni, akampelekea mwenzake karatasi ya juu amjazie jina ambalo mkono wake haukuweza kuliandika. Karatasi ya juu ikaenda kwa wakubwa imekamilika. Ya chini ikabaki na pengo."

Aligeuza ukurasa. Wapiga chapa wa chumba kile walikuwa watatu: Raudha, Mwanaisha, na mwingine aliyeandikishwa kwa jina la Bi Tulinagwe Aliko.

"Tulinagwe ni jina la kwetu," Angetile alisema polepole.

"Aliko ni jina la mumewe. Marehemu. Na yuko likizo. Alianza siku ile ile gazeti lilipotoka, na sisi tukaona ni likizo ya kawaida kwa sababu fomu imejazwa vizuri."

Koplo alikuwa anautazama ukurasa wa Neema, jina la mwisho kabisa. Alilitia kidole. "Huyu mzee Anyosisye Mwalwisi, afande. Anakaa Mwaya, karibu na ziwa. Zamani alikuwa naibu waziri, miezi kumi na moja. Mwaka juzi alimzika mwanawe. Aliitwa Aliko."

Kheri alikuwa na furaha ya mtu aliyelifungua fundo lililowashinda wakubwa wake, na kama ingekuwa nyumbani angempigia simu mtu amwambie. Hakumkumbuka mtu wa kumpigia. Akakunja karatasi zake.

Walipitia dukani kwa Athuman, na safari hii Kheri aliuliza swali lililonyooka. Kulikuwa na bahasha ya Mwaya?

"Ilikuwepo," Athuman alisema mara moja. "Ya mjane wa marehemu Aliko, anampelekea mkwe wake. Kila mwezi ananipa kitu chake. Sukari, dawa, betri za redio. Safari ile bahasha tu. Ungeniuliza hivyo juzi, sheikh, tungeokoa mvua zote hizi."

Gari la polisi halikuwa na mafuta. Walikwenda kwa baiskeli, wamefunikwa na makoti ya plastiki, wakipita mashamba ya mpunga yaliyokuwa yamejaa maji mpaka kingo na mikakao iliyokuwa ikidondosha matone mazito. Upande wa kushoto Milima ya Livingstone ilikuwa imefichwa na mawingu yote isipokuwa miguu. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani waliwapisha, wakamsalimia Angetile, wakamtazama Kheri kwa jicho la kuuliza huyu amekuja kumchukua nani. Jibu alikuwa nalo mfukoni, na lilikuwa zito kuliko alivyotegemea.

Nyumba ya mzee Mwalwisi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa ile miezi kumi na moja na haikupakwa rangi tena. Mzee aliwapokea mwenyewe barazani. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Angetile aliinama, akamwamkia kwa Kinyakyusa. "Mwagonile, tata." Kheri akampa shikamoo.

"Marahaba, marahaba. Pitieni ndani, mnalowa. Kaeni. Kaeni popote mnapopenda."

Ndani kulikuwa na viti sita vyenye vitambaa vilivyofumwa, na vitano kati yake vitambaa vilikuwa havijawahi kukunjamana. Cha sita kilikuwa mbele ya redio. Kwenye dirisha mzee alikuwa amezipanga betri kuukuu apate kuzianika jua likitoka.

"Zamani viti hivi havikutosha," mzee alisema, akivitazama pamoja nao. "Nilipokuwa serikalini watu walikaa mpaka sakafuni. Jioni moja tulikuwa hapa hapa, nimekuja likizo, nyumba imejaa, redio inasoma mabadiliko ya Baraza. Tukasikiliza majina yote. Langu halikusomwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ng'ombe wake." Alicheka kidogo. "Karibuni sana."

Mlango wa nyuma uligongwa mara mbili. Nyayo zikasikika zinaondoka. Mzee alingoja mpaka zimekwisha, ndipo akamwomba Angetile afungue. Kwenye kigoda cha nje kulikuwa na sahani ya ndizi na samaki, imefunikwa. Hapakuwa na mtu.

"Ndaga fijo," mzee alishukuru kwa sauti kubwa, akiuelekea ukuta. Upande wa pili wa ukuta kuni zilisikika zikisukumwa mekoni.

Kheri aliiweka nakala ya kaboni mezani. "Mzee, hii unaifahamu?"

Mzee hakuinama kuitazama. "Naifahamu."

"Ni wewe uliyeipeleka gazetini?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya upumbavu, afande. Niliipata. Nikaiweka chini ya godoro, nikasubiri redio. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tano nikasema, wanababaika, kuna mtu anawashika shati. Nikasema ikitoka gazetini wataona haya kuibadilisha, nchi nzima itakuwa imesoma. Nikaenda mwenyewe posta Kyela. Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Ningekuwa naye, angeniambia, mzee, wewe unawajua watu wale, ukiwashurutisha ndipo wanapogeuka." Alitupa jicho kwenye redio. "Wamegeuka. Na wizara wameifuta."

"Uliipata kutoka kwa nani?"

"Niliichukua."

"Wapi?"

"Dar es Salaam. Nilikwenda, nikaingia ofisini, wananijua, nilikuwa mkubwa pale. Nikaichukua mezani."

"Lini?"

"Ijumaa hiyo hiyo."

"Koplo ameniambia hujavuka Kyela tangu Krismasi."

"Koplo haishi humu ndani."

Kheri aliigeuza karatasi imwelekee mzee, akatia kidole kwenye mstari wa kumi na saba, na akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Hapa kuna pengo. Gazeti limechapa mawaziri wote isipokuwa wewe. Umeichukua mwenyewe, unaipeleka mwenyewe, ili nchi nzima ikusome. Mbona hukujaza jina lako? Kalamu si unayo?"

Kwa mara ya kwanza mzee aliitazama karatasi. Uso wake ukalainika.

"Ningejazaje? Lile pengo si kosa, afande. Ni heshima niliyowekewa. Mimi nilipoifungua bahasha nikaona mahali patupu, nikajua hapo hapo ni mimi. Miaka mingapi hakuna mtu amenipa heshima namna ile. Nichukue kalamu niifute kwa mkono wangu?"

Alisikia alichokisema. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Angetile, aliyekuwa mlangoni, alijigeuza kutazama mvua.

"Mpiga chapa mmoja tu nchi hii ndiye asiyeweza kuliandika jina hilo," Kheri alisema. "Pole, mzee."

"Afande." Mzee alisogea mpaka ukingo wa kiti. "Sikiliza. Wewe unataka mtu wa kupeleka. Nipeleke mimi. Mimi ni mzee, nimekwisha kaa peke yangu, kifungoni nitakaa vivyo hivyo. Nilimzaa mtoto mmoja wa kiume, nimemzika. Amebaki huyo. Andika kwamba nimeiba. Nitatia sahihi, sitageuka mahakamani. Yule karani wenu aliyewekwa ndani atatoka, si ndicho mnachotaka?"

Maelezo ya mtu mzima mwenye akili timamu, yaliyotiwa sahihi mbele ya koplo, yangemtosha mkubwa wake bila swali. Ambrose angelala nyumbani wiki hiyo. Na kila kitu kwenye karatasi kingekuwa uongo isipokuwa tarehe. Alijua jambo sahihi ni lipi, na alijua pia kwamba hakuja kwenye nyumba hii yenye viti vitano visivyo na wenyewe ili amalizie kuivunja. Alichomoa fomu ya maelezo na kuandika. Mzee alisema, yeye akaandika, na mara moja tu alimwuliza kama ana uhakika. Angetile hakugeuka.

Alipomaliza aliyasoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka. "'Mimi, Anyosisye Mwalwisi, mkulima, mkazi wa Mwaya, natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Siku ya Ijumaa niliingia katika ofisi...'"

Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila kugongwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga kiunoni, majivu mikononi. Mzee alilisikia vazi lake likipita, na mwili wake wote ukageuka kwa mazoea; alishika upande wa koti lake akajifunika uso, akauelekea ukuta. Mwanamke alisimama katikati ya chumba. Hakumtazama Kheri hata kidogo.

"Anyosisye Mwalwisi hakuiba kitu," alisema.

Angetile alivuta pumzi kwa kishindo. Mwanamke alifunga macho, akayafungua, akalirudia jina, safari hii polepole zaidi, maana lilikuwa limekwisha kutoka na hapakuwa na la kuliokoa.

"Anyosisye Mwalwisi hajafika Dar es Salaam. Karatasi nimeitoa mimi. Nilibakiza nakala moja ya kaboni nikampa Athuman aje nayo. Aliko aliniambia hospitali, siku mbili kabla hajafa: baba yangu alisikia redioni kwamba amefukuzwa, mbele ya wageni wake, kama mtu baki. Akasema, wewe unakaa pale majina yanapoandikwa, ikitokea siku jina lake likaja, usimwache asikie redioni tena. Basi likaja. Nikaona mara hii moja na yeye ajue kabla ya watu." Alifuta majivu kwenye kanga. "Ambrose nilimwomba tu anijazie. Hakuuliza kwa nini. Siku kumi na tisa amekaa ndani na hajanitaja. Nimezihesabu zote nikiwa jikoni hapo. Kila siku nilisema kesho nitakwenda, na kila siku nikasema, nikienda nani atakayemtunza mzee?"

"Rudi jikoni," mzee alisema kutoka ndani ya koti. "Mwambieni arudi jikoni."

"Sirudi, baba. Jina nimekwisha litaja. Na mtoto wa mtu hawezi kufungwa kwa ajili yangu, wala wewe."

Mvua ilikuwa imepungua. Kheri aliyachukua maelezo ya mzee, akayachana mara mbili, akaviweka vipande mfukoni.

Mzee alilishusha koti. Ilimchukua muda. Kwanza aliuangalia ukuta, halafu sakafu, halafu miguu ya mkwe wake iliyokuwa na tope, akapanda polepole mpaka akafika usoni. Walitazamana. Tangu aolewe na mwanawe, kila alipokuja likizo, alikuwa amekula chakula cha mtu huyu, amevaa mashati aliyoyafua, wamelia msiba mmoja, kila mtu upande wake wa ukuta.

"Kumbe ndivyo ulivyo," mzee alisema.

"Ndivyo nilivyo, baba."

Mzee alivuta kiti kimoja kati ya vile vitano, akakisogeza karibu na chake. Tulinagwe alisita, kisha akakaa kwenye ukingo wake. Kheri akatoa fomu mpya, akauliza jina kamili. Akaandika polepole kuliko alivyowahi kuandika maelezo ya mtu yeyote, herufi moja moja, maana akimaliza tu itabidi waondoke naye.